Kurasa tatu za binti wa Newala: CV iambatanishwe na maombi ya chuo au isiambatanishwe?

Mwishoni mwa Novemba, binti mmoja aliyemaliza kidato cha sita mwezi Mei alifika nyumbani kwangu Ligula, mjini Mtwara, akiwa ameshika jalada la plastiki lenye kurasa tatu. Alikuwa ametoka Newala kwa basi la alfajiri, akapitia Tandahimba na Nanyamba, na kabla hajamaliza maji niliyompa alikwisha kuuliza alichokijia: "Mwalimu, hii CV niiambatanishe au nisiiambatanishe?" Alikuwa anaomba nafasi katika vyuo sita vya Marekani ambavyo mwisho wa kupokea maombi ulikuwa kati ya tarehe 1 na tarehe 15 Januari, na mjomba wake, ambaye ndiye aliyelipa nauli na ndiye aliyeiandaa hiyo CV, alikuwa ameshaagiza kwamba iende kila chuo bila kukosa.

Nakiandika kisa hiki kwa ukamilifu, kwa ruhusa yake na bila kutaja jina lake, kwa sababu swali hilo huulizwa na karibu kila kijana ninayemsaidia kuomba chuo cha nje, na kwa sababu jibu la mkato limewahi kunifanya nimpotoshe mwanafunzi mwingine kabla yake. Nakiandika pia kabla majibu ya vyuo hayajatoka, kwa makusudi. Majibu ya maombi ya kawaida hutoka kuelekea mwisho wa Machi, na barua za vyuo hazisemi ni karatasi gani iliyomwinua mwombaji na ni ipi iliyomwangusha. Mtu akishajua matokeo hujikuta anayatafutia sababu, na sababu ya kwanza kuonekana huwa ni ile aliyokuwa nayo moyoni tangu mwanzo. Hapa ninapima uamuzi wenyewe kwa yale tuliyoyajua siku ile.

Lazima nianze na mahali CV ilipotoka, kwa sababu hapo ndipo ulipo mzizi wa suala lote. Kijana wa Tanzania anayeomba chuo kikuu cha nyumbani hahitaji CV hata kidogo. Anaingia kwenye mfumo wa chuo, anaweka namba yake ya mtihani ya kidato cha nne na ya kidato cha sita, matokeo ya Baraza la Mitihani yanajulikana, na anachagua programu kulingana na tahasusi yake na alama za chini zilizowekwa katika mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu. Hakuna anayemuuliza alifanya nini jioni baada ya vipindi. Kwa hiyo CV pekee ambazo familia nyingi zimewahi kuziona ni za kuombea kazi, na anapotokea mtoto anayeomba chuo kinachotaka kujua habari zake nje ya darasa, familia huchukua kielelezo kilichopo na kumvisha mtoto nguo ya mtu mzima. Mjomba huyu ana ajira ya ofisini na alifanya kilichompatia yeye kazi. Simlaumu kwa hilo, na katika familia za Kimakonde, ambako ukoo huhesabiwa upande wa mama, neno la mjomba kuhusu mtoto wa dada yake si ushauri wa kupita njia. Ni neno la mwenye dhamana. Yeyote anayetaka kulibadilisha ni lazima alijibu kwa heshima na kwa hoja.

Vyuo vyote sita vilikuwa vinapokea maombi kupitia Common App, fomu ya pamoja iliyoanzishwa mwaka 1975 na vyuo 15 na ambayo sasa inatumiwa na vyuo zaidi ya 1,000. Nilimwomba binti aifungue kwenye kompyuta yangu, tukaacha jalada mezani, tukaisoma fomu kwanza. Ndani yake kuna sehemu ya shughuli yenye nafasi 10. Kwa kila shughuli, mwombaji anaandika cheo au nafasi yake kwa herufi zisizozidi 50, jina la kikundi au taasisi kwa herufi zisizozidi 100, na maelezo ya alichokifanya kwa herufi zisizozidi 150, na katika hesabu hiyo nafasi kati ya maneno na alama za uandishi nazo zinahesabiwa. Anataja alikuwa kidato gani, kwa hesabu ya Kimarekani ya darasa la 9 hadi la 12, na kuna kisanduku kingine kwa waliokwisha kumaliza shule. Anataja saa kwa wiki na wiki kwa mwaka, na anaombwa apange shughuli hizo kwa uzito alionao yeye kwa kila moja. Kuna sehemu nyingine ya tuzo, isiyozidi tano, na kuna insha ya maneno yasiyozidi 650.

Tulipomaliza kuisoma nilimuuliza, "Mwanangu, sasa niambie, CV yako ina kitu gani ambacho fomu hii haijakiuliza?" Akanyamaza, kisha akasema kwa uaminifu kabisa: "Picha, mwalimu."

Nilimtuma asome maelekezo ya kila chuo, chuo kimoja baada ya kingine, kwenye ukurasa wa chuo chenyewe na kwenye maswali ya ziada ambayo kila chuo huyaweka ndani ya Common App. Kazi hii ilituchukua karibu saa mbili kwa sababu mtandao ulikuwa unakatika, lakini naamini ndiyo saa mbili zilizoamua kila kitu. Vyuo viwili viliandika waziwazi kwamba visitumiwe CV, kwamba sehemu ya shughuli inawatosha. Vyuo vitatu havikusema lolote na havikuweka mahali pa kuipakia. Chuo kimoja kiliweka mahali pa kupakia CV na kuandika kwamba ni hiari.

Mgawanyo huo haukunishangaza, kwa kuwa hata nje ya Common App kila mlango una kizingiti chake. Chuo cha MIT cha Marekani kina fomu yake chenyewe, na humtaka mwombaji ataje shughuli chache tu, nne zilizo na maana kubwa kwake. Mfumo wa Chuo Kikuu cha California nao una fomu yake, wenye nafasi 20 za shughuli na tuzo, na kila moja ina maelezo marefu kuliko yale ya Common App. Vyuo vya Uingereza vinavyopokea maombi kupitia UCAS hutegemea maelezo binafsi ya herufi 4,000, ambayo kwa wanaoingia chuo kuanzia mwaka 2026 yamegawanywa katika maswali matatu. Anayechukua CV moja na kuipeleka pote huko anafanya kama muuza samaki anayedhani kila soko lina mizani ya aina moja.

Kwa vile viwili vilivyokataza, hapakuwa na la kujadili. Chuo kimesema usilete. Ukileta, karatasi ya kwanza inayomfikia msomaji wako ni ushahidi kwamba ama hukusoma maelekezo ama uliyasoma na kuyapuuza. Kwa vile vitatu vilivyonyamaza, wengi huona kwamba kunyamaza ni ruhusa. Mimi siamini hivyo. Afisa anayesoma maombi ana mafaili mengi na hana saa nzima ya kusoma kila moja, na fomu ya pamoja ilitengenezwa ili kila mwombaji asomwe kwa mpangilio uleule, kwa hiyo karatasi ya ziada inayorudia yaliyomo kwenye fomu inampa kazi ya kutafuta tofauti ambayo haipo. Zaidi ya hayo, pasipo na mahali pa kupakia, mtu huanza kutafuta mlango wa uani. Wapo wanaoituma kwa barua pepe, na wapo wanaoibandika yote ndani ya kisanduku cha taarifa za ziada. Kisanduku hicho kina kazi yake muhimu, na kwa mwombaji wa huku kwetu kazi hiyo ni kubwa kuliko anavyodhani: pale ndipo unapoeleza kwamba kati ya mtihani wa kidato cha nne mwezi Novemba na kuanza kidato cha tano mwezi Julai kuna miezi kadhaa ambayo hukuwa shuleni, na kwamba haikuwa kwa kosa lako. Msomaji wa Marekani halijui hilo. Ukikijaza kisanduku kile CV, umefukia maelezo aliyoyahitaji kweli.

Kilibaki chuo kimoja chenye mahali pa kupakia, na hapo sasa nikaichukua CV yenyewe na kuisoma.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha ndogo ya mandhari ya bluu, kisha jina, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, dini, hali ya ndoa, uraia, na maneno "afya njema". Ukafuata ukurasa wa elimu kuanzia shule ya msingi, darasa la kwanza hadi la saba, pamoja na namba ya cheti. Chini yake kulikuwa na semina mbili za siku moja moja, moja ya ujasiriamali na nyingine ya stadi za maisha. Vyeo vya shule vilikuwa viwili: kiranja wa chakula na katibu wa klabu ya midahalo. Mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) ya miezi mitatu, ambayo alikuwa miongoni mwa waliochaguliwa kuyahudhuria baada ya kumaliza kidato cha sita, yaliandikwa kwa herufi nzito. Mambo ayapendayo: kusoma vitabu, kusafiri, kubadilishana mawazo. Ukurasa wa tatu ulikuwa wa wadhamini watatu, wa kwanza akiwa mjomba mwenyewe. Karatasi ilikuwa safi, imechapwa steshenari kwa wino mzuri, na katika kurasa zote tatu hapakuwa na sentensi moja ambayo isingeweza kuandikwa juu ya msichana mwingine yeyote wa bweni lake.

Nikamuuliza maswali ambayo huwauliza wote. Ukifika nyumbani likizo unaamka saa ngapi, na kitu cha kwanza unachokifanya ni kipi? Watu wa kwenu wanakutuma nini ambacho hawamtumi mwingine? Alipofika kwenye swali la pili alitabasamu kidogo, akasema msimu wa korosho ukianza, bibi yake na majirani humtaka aende nao siku ya mzani.

Nilimwomba anieleze kwa kirefu, na hapa nami nitaeleza kwa kirefu, kwa sababu ndipo kisa kilipogeukia. Mkulima wa kule hufikisha korosho ghafi kwenye chama cha msingi. Karani anapima, anaandika kilo na daraja, na mkulima anapewa stakabadhi. Korosho zinakwenda ghala kuu, zinauzwa mnadani, na fedha zinaingia benki baadaye, baada ya makato. Kati ya mzani na malipo kuna wiki kadhaa ambazo mkulima hana kitu mkononi isipokuwa kipande kile cha karatasi, na kama kilo zimeandikwa pungufu, au namba ya akaunti imekosewa tarakimu moja, atakuja kujua siku ambayo jirani amelipwa na yeye hajalipwa. Bibi yake hajui kusoma. Binti alipokuwa kidato cha tatu, katika shule ya kutwa ya kata yao, bibi alilipwa kilo chache kuliko zile alizokuwa na hakika alizipeleka, na hapakuwa na namna ya kuthibitisha. Msimu huohuo binti akaanza kusimama karibu na mzani siku za Jumamosi akiwa na daftari la mistari, akiandika jina, tarehe, idadi ya magunia, kilo alizoziona kwa macho yake na namba ya stakabadhi. Alianza na bibi, wakaongezeka majirani, na msimu uliokuwa unaendelea alikuwa anawaandikia wakulima 14. Mara tatu, kilo za kwenye daftari zilitofautiana na za kwenye stakabadhi, na mara zote tatu karani aliangalia, akakubali, akarekebisha kabla ya malipo. Hakuna aliyemtuhumu mtu wizi, ilikuwa ni tarakimu zilizopinduka katika haraka ya foleni ndefu.

"Daftari liko wapi?" nikauliza.

Alikuwa nalo kwenye begi, chini ya kanga. Jalada lilikuwa limekatika likashonwa kwa uzi mweusi, na kwenye pembe za kurasa kulikuwa na madoa ya rangi ya kahawia ya mafuta ya maganda ya korosho, yale yanayobabua vidole. Mstari mmoja ulikuwa na kilo zilizokatwa kwa kalamu nyekundu na nyingine kuandikwa juu yake, na pembeni neno moja: "imerekebishwa". Nilimuuliza kwa nini jambo hili halimo kwenye CV. Akajibu kwamba mjomba alimwambia aandike mambo yenye cheti.

Naliona jibu hilo kuwa ndilo kiini cha kisa chote. CV ya kuombea kazi imefundisha watu wetu kwamba kisicho na muhuri hakikutokea, na fomu ya vyuo hivi haina mtazamo huo. Katika orodha ya aina za shughuli, fomu inayo kazi ya kulipwa, inayo shughuli za dini, na inayo, kwa jina lake kabisa, majukumu ya kifamilia. Msichana anayechota maji bondeni na kuyapandisha Newala juu, anayelea wadogo zake, anayewafundisha watoto alifu na be madrasani kila alasiri ya likizo, ana la kuandika. Huyu wa kwangu alikuwa anafanya yote hayo, na madrasa nayo haikuwemo kwenye zile kurasa tatu.

Tukaanza upya kwenye sehemu ya shughuli. Kwanza aliandika kwa Kiswahili, kwa sababu nimeona kwamba kijana akilazimishwa kufikiri kwa Kiingereza akiwa anahesabu herufi, huishia kwenye maneno makubwa yasiyo na kitu ndani. Rasimu yake ya daftari la korosho ilikuwa hii: "Nilisoma mizani na stakabadhi za wakulima 14 wasiojua kusoma, nilinakili kilo za kila mmoja kwenye daftari, makosa 3 yalirekebishwa kabla ya malipo." Tuliihesabu pamoja: herufi 148. Kisha akaiandika kwa Kiingereza, akaikata tena. Tukakubaliana shughuli hii iwe ya kwanza, madrasa ya pili, klabu ya midahalo ya tatu, na JKT ikae chini zaidi, si kwa kuidharau, bali kwa sababu maelezo yake yalikuwa yaleyale ambayo kijana mwingine yeyote aliyepita kambini angeyaandika. Ukiranja wa chakula ulipata uhai tulipouliza alifanya nini hasa: alikuwa anagawa zamu za jikoni na kuandika magunia ya unga yaliyoingia stoo. Binti huyu, kumbe, alikuwa mwandishi wa hesabu kila alipokwenda, na hakuna aliyewahi kumwambia. Semina mbili tuliziacha. Alijaza nafasi nane kati ya 10, na aliponiuliza afanye nini na mbili zilizobaki nilimwambia 10 ni kikomo, haidaiwi.

Kuhusu saa kwa wiki nilimbana sana. Alikuwa ameandika saa 20 kwa daftari la korosho. Tukahesabu siku za mzani, muda wa kusimama, muda wa kulinganisha usiku kwa taa, na wiki za msimu ambazo yeye alikuwapo kweli nyumbani, tukiondoa mwaka wa bweni ambapo alikuwapo Desemba tu. Ikawa saa saba kwa wiki, wiki nane kwa mwaka. Namba ndogo ya kweli inasomeka. Namba kubwa humfanya msomaji asiamini hata kile kilichokuwa kweli.

Jioni tukampigia mjomba, simu ikiwa kwenye spika. Alinisikiliza, akasema kwa upole lakini kwa uzito: "Mwalimu, mkono mtupu haulambwi. Huyu mtoto anaomba kusomeshwa bure na watu wasiomjua. Tumnyime na karatasi?" Ilikuwa hoja ya mtu anayempenda mtoto wake, na sehemu yake ilikuwa sahihi: anayeomba msaada mkubwa wa fedha hawezi kwenda kwa habari nusu. Nikamwambia hatumnyimi karatasi, tunaihamisha mahali itakaposomwa. Nikamsomea maelekezo ya vile vyuo viwili vilivyokataza, neno kwa neno, kwa Kiingereza na kisha kwa Kiswahili. Kimya kidogo. Akasema, "Kama wenyewe wamekataza, basi hapo mimi sina neno." Kwa vile vitatu vilivyonyamaza tulibishana zaidi. Kilichomgeuza haikuwa hoja yangu, ilikuwa ni binti alipomsomea ile sentensi ya herufi 148. Mjomba akauliza, "Na hilo la bibi nalo linakubalika?" Nikamwambia linakubalika. Akasema basi yeye anayo stakabadhi moja ya zamani ya bibi, kama itahitajika. Haikuhitajika, lakini nilijua kwamba amekubali.

CV, hata hivyo, haikutupwa. Ilipata kazi mbili.

Kazi ya kwanza, ambayo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko ya pili na ndiyo inayosahauliwa, ni ya barua za mapendekezo. Vyuo hivi hutaka barua kutoka kwa walimu na taarifa kutoka shuleni. Katika shule kubwa ya bweni, mwalimu wa Historia mwenye mikondo kadhaa anamjua mwanafunzi kwa alama zake na kwa nafasi anayokaa darasani. Hajui kwamba nyumbani Newala kuna daftari. Mkuu wa shule, ambaye mara nyingi ndiye anayejaza taarifa ile kwa kuwa hakuna mshauri wa vyuo, anamjua hata kidogo zaidi. Tukatengeneza ukurasa mmoja kwa ajili yao, bila picha, bila dini wala hali ya ndoa, wenye mambo ambayo wangeweza kuyaunganisha na yale waliyoyaona wenyewe darasani, na binti akawapelekea kwa heshima pamoja na tarehe za mwisho, wiki tatu kabla. Mwalimu wa Historia alimjibu kwamba sasa ameelewa kwa nini majibu yake ya maswali ya takwimu yalikuwa hivyo. Barua yenyewe sikuiona, na haikunihusu kuiona.

Kazi ya pili ni kile chuo kimoja chenye mahali pa kupakia. Hapa niliona aiweke, kwa sharti kwamba iwe na kitu ambacho fomu haina nafasi ya kukibeba. Ukurasa ukawa na mpangilio wa miezi tangu Novemba ya kidato cha nne hadi siku ile, ili msomaji aone wapi alikuwa na akifanya nini, kisha mistari minne juu ya daftari: safu zake tano, namna tofauti zinavyogunduliwa, nani hurekebisha, na kwamba sasa anamfundisha msichana wa kidato cha pili aliandike yeye atakapoondoka. Ile habari ya mrithi wa daftari haikuwa imeenea kwenye herufi 150, na ilistahili kusomwa. Kama asingekuwa na la namna hiyo, ningemshauri aache wazi hata pale palipoandikwa hiari.

Nasema hivyo nikikumbuka kijana wa Lindi niliyemsaidia miaka kadhaa kabla. Kwake nilitoa jibu la mkato: tuma, haidhuru. Tukatuma CV ya kurasa nne kwa vyuo vyote, vikiwemo ambavyo baadaye niligundua vilikuwa vimekataza, na kwenye kisanduku cha taarifa za ziada tukabandika nakala yake. Siwezi kusema CV ndiyo iliyomnyima nafasi, kwa sababu hakuna aliyetuambia. Ninachojua ni kwamba kijana yule alikuwa amepoteza miezi mingi kwa kuumwa katika kidato cha tano, matokeo yake yakashuka, na sehemu pekee ambayo angeweza kueleza jambo hilo kwa maneno yake ilikuwa imejaa orodha ya semina. Hilo lilikuwa kosa langu, na ndilo lililonifanya nisome maelekezo ya kila chuo kwa saa mbili huku mtandao ukikatika.

Wapo ambao ningewajibu tofauti. Mwezi uleule nilikuwa na kijana wa Nachingwea aliyemaliza kidato cha sita miaka mitatu nyuma na tangu hapo anachomelea vyuma katika karakana, akiwa na mafundi wawili chini yake. Kwake CV ina hoja nzito zaidi, kwa sababu ana historia ya kazi halisi inayofuatana kwa miaka, na fomu iliyotengenezwa kwa wanaotoka shuleni moja kwa moja inambana. Hata hivyo kanuni ya mlango haibadiliki kwake: chuo kikikataza, historia ile inaingia kwa ufupi kwenye taarifa za ziada, kwa sentensi kamili, si kwa kubandika jedwali. Na anayeomba shahada ya uzamili, ambako CV huombwa waziwazi mara kwa mara, yuko kwenye suala jingine kabisa.

Binti alirudi Newala keshoye na basi la asubuhi, daftari likiwa kwenye begi na zile kurasa tatu za mwanzo zikiwa kwenye jalada lake, kwa kuwa mjomba aliomba zirudishwe. Alisema zitamfaa akiomba kazi ya ukarani wa msimu. Tarehe 29 Desemba, saa tano usiku, nilipata ujumbe: "Shikamoo mwalimu. Nimetuma vyote sita. Ile ya ukurasa mmoja nimeiweka kwenye kile chuo kimoja tu, mjomba alikuwa pembeni akihesabu. Mtandao ulikatika mara mbili ila nimepata uthibitisho wa vyote. Naomba nilale, kesho kuna mzani."